Gari Jipya Huharibiwa na Mkono Unaoliosha

Askari hupimwa kwa macho kabla ya kupimwa kwa vitendo. Buti lake, mkanda wake na vifungo vya koti lake humtangulia mbele ya raia, na raia akivitazama huamua kama huyu ni mtu wa nidhamu au ni mtu aliyevaa sare tu. Gari la kazi nalo hupewa hukumu hiyo hiyo. Linapoegeshwa mbele ya lango la kambi au mbele ya kituo cha polisi, wapita njia hulisoma kama wanavyosoma barua. Ndiyo maana hatushangai tunapoona gari jipya la afande likioshwa kila alfajiri.

Linalotushangaza ni jambo jingine. Magari ya fahari, Mercedes-Benz, Range Rover, Land Cruiser na mengineyo ya namna hiyo, hununuliwa kwa fedha nyingi na hufika yaking'aa kama kioo. Haupiti muda mrefu, ukiyatazama juani utaona rangi yake imejaa mikwaruzo myembamba mithili ya utando wa buibui. Magurudumu yamepata madoa ya kutu. Vipambo vya alumini kando ya madirisha vimefifia na kufanya weupe kama wa maziwa, na plastiki nyeusi za bampa zimepauka kama mkaa uliolala majivuni. Ukiuliza sababu utaambiwa ni jua, ni vumbi, ni barabara mbaya. Sisi twakubali kwamba vyote hivyo vina sehemu yake, lakini twasema bila kusita kwamba mkosaji wa kwanza ni mkono unaoliosha gari hilo. Mkono huo haukosi bidii, umekosa maarifa.

Twaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu madereva wa jeshi na polisi, kwa ajili ya maafisa wanaoendeshwa nao, na kwa ajili ya wale ambao baada ya miaka mingi ya kuweka akiba wamejaliwa kununua gari lao wenyewe. Mengi tutakayoyasema hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji utaratibu, na utaratibu ndio elimu ambayo askari hufundishwa tangu siku ya kwanza anapoingia kambini.

NGOZI NYEMBAMBA KULIKO UNYWELE

Yafaa kwanza tukijue kitu tunachokilinda. Watu wengi hudhani kwamba rangi ya gari ni kitu kimoja kinene kama rangi ya ukuta. Sivyo. Kiwandani bodi ya gari huzamishwa kwanza katika tangi la dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo hugandamizwa kwenye chuma kwa nguvu za umeme. Juu yake hupakwa rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe tunayoiona, nyeusi au nyeupe au ya fedha, na mwisho kabisa hupakwa vanishi angavu isiyo na rangi yoyote. Vanishi hiyo ndiyo ing'aayo, na ndiyo pia ibebayo dawa za kuikinga rangi ya chini na miale ya jua.

Matabaka yote hayo yakijumlishwa, unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake mara nyingi haizidi mikroni 35 hadi 50. Unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Maana yake ni kwamba gari lenye thamani ya nyumba nzuri hulindwa na ngozi nyembamba kuliko unywele mmoja wa dereva wake. Wenye viwanda wamejaribu kuifanya ngozi hiyo iwe ngumu zaidi. Mercedes-Benz, kwa mfano, ilianza mwishoni mwa mwaka 2003 kupaka vanishi yenye chembe ndogo mno za seramiki. Hata hivyo, vanishi ya namna hiyo hupunguza mikwaruzo tu, haiizuii yote.

Sasa na tumtazame adui. Vumbi letu jekundu si unga laini kama lionekanavyo. Ndani yake mna oksidi za chuma, ambazo ndizo ziupazo udongo wetu wekundu wake, na mna chembe za mchanga mgumu ziwezazo kukwaruza hata kioo. Gari lililorudi kutoka Karamoja, au lililofuata msafara wa malori katika barabara ya udongo, hubeba chembe hizo kwa maelfu. Dereva achukuapo kitambaa kikavu akalipangusa upesi upesi ili ling'ae kabla afande hajatoka ofisini, amefanya kazi ya msasa. Kila mpanguso mmoja huacha mistari ambayo haionekani kivulini, lakini jua la saa sita huifichua yote.

Hapa ndipo tunapopata kanuni ya kwanza, nayo ni kwamba gari lenye vumbi haliguswi likiwa kavu. Kama hakuna maji wala nafasi, afadhali liende na vumbi lake. Vumbi litaondoka kesho kwa maji. Mkwaruzo hauondoki ila kwa kuichonga vanishi.

UTARATIBU WA KUOSHA

Kuosha gari vyema ni kazi yenye hatua, kama ilivyo kuifungua na kuisafisha bunduki. Hatua ikirukwa, kazi yote huharibika.

Gari na lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Dereva aweke kiganja juu ya boneti. Akiona joto, na angoje. Maji na sabuni vikikauka juu ya bodi yenye moto huacha madoa ya chokaa na chumvi, na taabu hiyo huzidi mahali ambapo maji ni ya kisima kirefu chenye madini mengi. Baada ya hapo magurudumu yaoshwe kwanza, kwa ndoo yao na kitambaa chao, ili uchafu wake usije ukarukia bodi iliyokwisha kusafishwa.

Yakiisha magurudumu, bodi yote imwagiwe maji mengi kutoka juu kwenda chini kabla mkono haujaigusa. Tope lililoganda liachwe lilainike kwanza, lisikwanguliwe. Mwenye mashine ya kupiga maji kwa nguvu asisogeze mdomo wake karibu mno na bodi, hasa mahali palipodunguliwa na mawe, kwa kuwa maji yenye kasi huweza kuinua rangi iliyokwisha kulegea. Matairi na mipira ya milango pia visipigwe kwa karibu.

Ndipo zije ndoo mbili. Moja iwe na maji ya sabuni, ya pili iwe na maji matupu. Kitambaa huchovywa katika sabuni, hupitishwa sehemu ndogo ya bodi, kisha husuuzwa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Dereva atakapoona mchanga uliotua chini ya ndoo hiyo ya pili, atafahamu ni kitu gani alichokuwa akikisugua juu ya rangi siku zote alipotumia ndoo moja. Mkono uende kwa mistari iliyonyooka, wala si kwa kuzungusha. Uanze paa, ushuke madirisha, boneti na milango, na umalizie sehemu za chini ambako uchafu ni mwingi. Kitambaa kikianguka chini, kisiokotwe na kuendelea kutumika. Kiwekwe kando, kichukuliwe kingine.

Kuhusu sabuni, hatuna budi kusema wazi kwamba sabuni ya unga ya kufulia nguo si sabuni ya gari. Imetengenezwa kuvunja mafuta ya jasho na uchafu wa vitambaa, na ukali huo huo huiondoa nta inayoikinga rangi na kuvifubaza vipambo vya alumini. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ni laini, na kiasi kidogo katika ndoo hutosha. Tena isiachwe ikauke kabla ya kusuuzwa.

Mwisho ni kukausha. Kitambaa kikubwa kilicho laini, cha nyuzi nyembamba sana, kilazwe juu ya bodi kinywe maji, kisha kivutwe taratibu. Vitambaa hivyo vifuliwe peke yake, visichanganywe na vile vya magurudumu wala vile vya injini.

Kuna faida nyingine ambayo madereva hodari huifahamu. Anayeosha gari kwa utaratibu hulikagua. Macho yake yatakutana na tairi lililochanika ubavuni, na nati iliyolegea, na tone la mafuta chini ya sanduku la gia, na taa iliyopata ufa. Gari lililoletwa na wenzake likiwa tayari limeoshwa halimwambii lolote.

MDUDU, NDEGE NA MTI

Nchi yetu ina maadui wengine wa rangi. Aishiye Kampala awafahamu vyema wale ndege wakubwa wa majalala waitwao kaloli, ambao hulala juu ya miti mirefu ya mjini. Kinyesi chao kina tindikali, na kikianguka juu ya bodi iliyopashwa na jua hushirikiana na joto kuiharibu vanishi. Vanishi hulainika mchana, kinyesi hukauka juu yake na kuwa kigumu, na jioni vanishi ipoapo hujikunja kwa umbo la uchafu huo. Hubaki alama isiyotoka kwa sabuni. Tiba yake ni wakati. Kinyesi kitolewe mapema, siku hiyo hiyo, kwa kukilowesha na kitambaa chenye maji mpaka kilainike, kisha kiinuliwe bila kusugua.

Hali kadhalika utomvu. Dereva hutafuta kivuli, na kivuli cha mfenesi au mwembe ni kitamu, lakini utomvu unaodondoka hapo hugandamana na rangi na kuivuta. Huko Entebbe na pwani zote za ziwa kuna makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, ambao hujaa mbele ya gari na juu ya kioo usiku mmoja. Mizoga yao ikiachwa juani siku mbili tatu, hugeuka kuwa madoa. Na kumbukeni kwamba sisi tunaishi juu ya mstari wa Ikweta, katika nyanda za juu, ambako miale ya jua hushuka kwa ukali mwaka mzima. Banda la makuti au la mabati la kuegeshea magari huokoa rangi, huokoa dashibodi, na huokoa mipira ya milango kuliko chupa yoyote ya dawa.

MAGURUDUMU NA VIPAMBO

Gurudumu la gari la fahari mara nyingi ni la alumini iliyopakwa vanishi, nalo hupata mateso yasiyoifikia bodi. Kila breki ikanyagwapo, chembe za chuma zenye moto huruka kutoka kwenye diski na pedi, zikajichoma ndani ya vanishi ya gurudumu. Huko hushika kutu, na ndiyo maana magurudumu yaliyosahauliwa hupata vipele vya rangi ya chungwa. Yaoshwe kila mara gari linapooshwa, lakini yasimwagiwe maji baridi yakiwa moto, kwa kuwa diski ya breki iliyopoozwa ghafla yaweza kupinda. Chembe zilizokwisha kujichoma huondolewa kwa dawa maalumu ambayo hugeuka zambarau ikikutana na chuma, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Twaonya dhidi ya dawa kali za tindikali ambazo baadhi ya waosha magari huzitumia kwa haraka. Hung'arisha leo, na baada ya miezi michache vanishi ya gurudumu huanza kubanduka.

Vipambo navyo vina tabia zake. Alumini iliyo kando ya madirisha huharibiwa na sabuni kali. Ikishafubaa hairudi kwa kusugua. Mipira ya milango na plastiki nyeusi zisipanguswe kwa dizeli wala mafuta ya taa, ingawa twajua desturi hiyo imeenea sana. Mafuta hayo hutoa weusi mzuri kwa siku moja, kisha mpira huvimba na kulegea, vumbi hunata, na mwishowe maji ya mvua huingia ndani ya gari. Dawa ya plastiki yenye kukinga jua, ikipakwa kidogo na kufutwa, ndiyo ifaayo. Na matairi yakipakwa dawa ya weusi, upande unaokanyaga barabara usiguswe kamwe, maana huko utelezi ni ajali.

NTA, SERAMIKI NA NGOZI YA BANDIA

Baada ya kuosha, rangi yahitaji kinga. Hapa askari ana ujuzi ambao hakuufikiri. Kopo la kiwi analolitumia kung'arishia buti lilianza kutengenezwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, na miongoni mwa viungo vya dawa za viatu za namna hiyo ni nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti mmoja wa jamii ya michikichi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Nta hiyo hiyo ndiyo msingi wa nta nyingi za magari. Kila kuruta aliyekesha akipiga buti kwa ajili ya gwaride ajua kwamba mng'ao hautoki katika kiwi nyingi iliyorundikwa. Hutoka katika matabaka membamba yaliyopakwa kwa subira. Nta ya gari ni hivyo hivyo. Ipakwe nyembamba, kivulini, juu ya rangi iliyosafishwa na kukauka, kisha ifutwe kwa kitambaa safi. Katika jua letu haidumu sana, kwa hiyo irudiwe kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Wengine watauliza kama gari jipya lapasa kungoja miezi kadhaa kabla ya kupakwa nta. Hapana. Rangi ya kiwandani huokwa katika tanuri na hutoka ikiwa imekomaa. Kungoja kwahusu gari lililopakwa rangi upya katika gereji, ambalo huhitaji wiki kadhaa ili vimiminiko vilivyomo vipate kutoka.

Siku hizi wafanyabiashara husifu sana dawa za seramiki, ambazo msingi wake ni silika. Ni dawa nzuri, hudumu kuliko nta, na maji na tope huteleza juu yake. Lakini mnunuzi asidanganywe na ile namba ya 9H. Hicho ni kipimo cha ugumu wa penseli za kuchorea, si kipimo cha ugumu wa almasi. Seramiki haizuii jiwe, wala haiponyi mikwaruzo iliyokwisha kuwapo. Huifunika tu humo humo. Pia gari lililopakwa seramiki bado laoshwa kwa ndoo mbili.

Kwa gari lisafirilo sana katika barabara za changarawe, kinga ya kweli dhidi ya mawe ni ngozi angavu ya bandia inayobandikwa mbele ya boneti, bampa na vioo vya pembeni. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 150 hadi 200, yaani ni mara kadhaa ya unene wa vanishi. Ngozi hizi zina nasaba ya kijeshi. Wakati wa vita vya Vietnam, kampuni ya 3M ya Marekani iliombwa kutengeneza kitu cha kukinga mapanga ya helikopta dhidi ya mchanga na vifusi, na kutokana na kazi hiyo biashara ya magari ilipata bidhaa mpya. Bei yake si ndogo. Pasipo fedha, dereva na atumie silaha ya bure, nayo ni kuacha nafasi ndefu nyuma ya lori. Na jiwe likiisha kudungua rangi mpaka chuma kikaonekana, tone la rangi liwekwe mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu kuchonga vanishi kwa mashine ili kuondoa mikwaruzo, twasema hiyo ni kama upasuaji. Hufaa ikibidi, mikononi mwa fundi, lakini kila mara huondoa sehemu ya ile ngozi nyembamba tuliyoieleza. Gari likichongwa kila mwaka kwa ajili ya sherehe, siku moja fundi atafika kwenye rangi yenyewe. Yale yenye rangi isiyong'aa, ambayo yameanza kupendwa, hayachongwi kabisa wala hayapakwi nta, kwa maana sehemu iliyosuguliwa itang'aa peke yake kama kiraka.

FUNGUO MKONONI MWA NANI?

Sasa tufike kwenye jambo linalowahusu askari kuliko raia. Dereva asiyepewa maji, ndoo wala kivuli kambini hulipeleka gari kwa waosha magari wa mjini. Huko gari la tope la mchuuzi na gari la afande husuguliwa kwa sponji moja. Hilo ni hasara ya rangi. Hasara kubwa zaidi ni kwamba funguo zimetoka mkononi. Ndani ya gari hilo yawezekana kuna redio ya mawasiliano, ramani, shajara ya safari, au hata silaha. Mtu asiyejulikana hufungua milango yote na hata buti, na dereva amekaa pembeni akinywa chai. Hapana kamanda ambaye angekubali ghala lake lifagiliwe na mpita njia. Kwa nini basi akubali gari lake?

Ndugu zetu polisi wana sababu nyingine ya kuiheshimu rangi. Matabaka yale manne tuliyoyataja ni ushahidi. Gari likigonga mtu na kukimbia, kipande kidogo cha rangi kilichobaki katika nguo za majeruhi chaweza kumwonyesha mchunguzi aina ya gari na miaka lilipotengenezwa, kwa kuwa kila kiwanda kina mpangilio wake wa matabaka. Polisi ya Kifalme ya Kanada imejenga hazina ya kumbukumbu za rangi hizo, iitwayo kwa kifupi PDQ, ambayo hutumiwa hata na wachunguzi wa nchi nyingine. Kwa hiyo gari lililokamatwa kama kielelezo lisioshwe kwa ajili ya unadhifu wa uwanja wa kituo. Yule konstebo mwenye bidii aliyelimwagia maji asubuhi ili lipendeze, huenda ameifuta kesi.

WAJIBU WA WAKUBWA

Twafika mwisho wa hoja zetu, nao unawaelekea maafisa. Dereva huadhibiwa gari la mkubwa likifubaa, lakini mara nyingi hakupewa chochote cha kulitunzia ila amri. Twaona ni haki, kabla ya kumlaumu, kamanda ajiulize maswali machache. Je, lipo banda? Zipo ndoo mbili, sabuni ifaayo na vitambaa vya kutosha? Amepewa saa moja ya kazi hiyo, au ameamriwa kuimaliza kwa dakika kumi juani? Ndoo, sabuni na vitambaa havifikii gharama ya kupaka rangi upya mlango mmoja. Na viandikwe katika daftari pamoja na tarehe za kuosha, kupaka nta na kuziba madoa, maana mali bila daftari huisha bila habari. Magari ya serikali mwishowe huuzwa kwa mnada, na mnunuzi hutazama rangi kabla ya kufungua boneti. Shilingi inayopotea hapo ni ya raia.

Aidha twasema, kwa heshima, kwamba bidii hii isiishie kwenye gari la mkubwa. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wa Afrika Mashariki walibuni neno "wabenzi" kwa ajili ya wakubwa waliojulikana kwa magari yao kuliko kwa kazi zao, na neno hilo halikuwa sifa. Raia anapoona Mercedes inang'aa uani mwa kituo, na kando yake gari la doria limeliwa na kutu milangoni, husoma barua mbaya. Gari la wagonjwa na pikapu ya doria vina rangi ileile nyembamba na kutu ileile. Vipewe ndoo zilezile.

Gari la vita peke yake lina sheria yake. Rangi yake haing'ai kwa makusudi, ili jua lisimsaliti aliyemo ndani, na kulipaka nta ni kumwashia adui taa. Hilo nalo litunzwe kwa kuondolewa tope na kuzibwa mikwaruzo, bila mng'ao.

Na maji machafu yenye sabuni na mafuta yasielekezwe ziwani wala kwenye kinamasi. Mlinzi wa sheria asiivunje sheria akiwa na ndoo mkononi.

Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Dereva wa jeshi au wa polisi anayelimwagia gari maji kabla ya kuligusa, anayebadilisha kitambaa kilichoanguka, na anayesimama karibu na funguo zake mpaka kazi iishe, analihudumia taifa kwa njia ambayo haitangazwi kwenye gwaride. Ni wajibu wetu kumpa ndoo ya pili.